Cheti cha SDVOSB: mwongozo kamili kwa mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu anayetaka zabuni za serikali ya Marekani

Kwenye mikutano ya diaspora jambo hili husimuliwa kwa mkato: ukiumia jeshini, serikali inakupa kandarasi. Haikupi. Inakuruhusu kuomba zabuni ambazo kampuni zisizo na cheti haziwezi kuziomba, halafu inakuacha ushindane na wenzako wenye cheti kama chako. Faida hiyo ni kubwa kweli, na kuipata hakugharimu hata senti moja ukifanya mwenyewe.

Waombaji wengi hudhani kazi ngumu itakuwa kuthibitisha ulemavu. Mara nyingi hiyo ndiyo sehemu nyepesi, kwa sababu VA, idara inayowahudumia wanajeshi wa zamani, imeshauandika kwenye kumbukumbu zake. Shida huwa kwenye makaratasi ya kampuni. Umiliki wako umeandikwa kwa maneno gani? Nani anaweza kukuzuia usiamue? Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana hapo, na utapita haraka kwenye mambo ambayo tovuti zenyewe zinakuelekeza.

Cheti chenyewe na anayekitoa

SDVOSB ni kampuni ndogo inayomilikiwa na kuongozwa na mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu uliotokana na utumishi. Anayetoa cheti ni SBA, idara ya shirikisho inayosimamia biashara ndogo, kupitia mpango uitwao VetCert. Kabla ya Januari 1, 2023 kazi hiyo ilikuwa ya VA, na cheti chake kilihitajika kwa zabuni za VA tu. Kwa idara nyingine ulikuwa unajitangaza mwenyewe kuwa unastahili, basi.

Mlango huo umefungwa. Tangu Oktoba 1, 2024 idara za shirikisho haziwezi kuihesabu kandarasi kwenye lengo lao la SDVOSB kama kampuni haina cheti. Waliokuwa wakijitangaza walipewa hadi Desemba 22, 2024 wawe wamepeleka maombi. Kwa hiyo ukikutana na mshauri anayekwambia uweke tu alama kwenye wasifu wa kampuni uendelee na safari, ushauri wake umepitwa na wakati.

Lengo lenyewe limepanda. Zamani serikali ya shirikisho ilitakiwa kupeleka angalau asilimia 3 ya fedha za kandarasi kwa kampuni hizi. Sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha wa 2024 ililifanya asilimia 5. VA ina utaratibu wake mkali zaidi: inapoamini kwa haki kwamba kampuni mbili au zaidi za wanajeshi wa zamani zinaweza kuifanya kazi kwa bei ya haki, lazima iitenge zabuni hiyo kwa ajili yao. Mahakama ya Juu ya Marekani iliusisitiza wajibu huo mwaka 2016 katika kesi ya Kingdomware. Kama biashara yako ni usafi, ulinzi, vifaa vya hospitali au ujenzi mdogo, hospitali za VA ndizo mahali pa kuanzia kuangalia.

Hatua ya kwanza: hakikisha wewe ni mhusika

Kwanza, uwe umetoka jeshini kwa namna yoyote isiyo ya kufukuzwa kwa fedheha. Karatasi yake ni DD 214. Kama huna nakala, omba Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, ni bure. Pili, uwe na ulemavu unaotambuliwa na VA au na Wizara ya Ulinzi.

Hapa kuna jambo linalowapita wengi. Kwa cheti cha shirikisho hakuna kiwango cha chini cha ulemavu. Barua ya VA inayosema ulemavu wako umetokana na utumishi lakini kiwango chake ni asilimia 0 inatosha. Wapo Wakenya, Watanzania na Wakongo waliotumikia miaka minne, wakapata hiyo sifuri kwa ajili ya goti au masikio yanayovuma, wakaitupa barua kwenye droo kwa kuwa haikuja na malipo ya kila mwezi. Itoe huko.

Walio kwenye jeshi la akiba au National Guard, yaani jeshi la majimbo, nao wamo, ilimradi ugonjwa au jeraha lilipatikana au lilizidi wakiwa kazini au mafunzoni. Na kwa walioingia kupitia MAVNI, mpango wa kuwaandikisha jeshini wasio raia wenye ujuzi maalumu, ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa hadi ukasimamishwa mwaka 2016, utumishi ni utumishi. Njia uliyopitia kuingia haibadilishi chochote.

Usichanganye kanuni hizi na za majimbo. California ina cheti chake cha DVBE, na New York ina cha SDVOB, na yote mawili yanadai ulemavu wa asilimia 10 au zaidi. Mwenye asilimia 0 anaweza kukubaliwa Washington na kukataliwa Sacramento.

Kama huna ulemavu wowote uliotambuliwa, bado unaweza kuomba cheti cha VOSB, kile cha kampuni ndogo za wanajeshi wa zamani kwa jumla, kwenye mfumo huohuo. Kwa shirikisho, kinafaa kwa zabuni za VA peke yake.

Hatua ya pili: je, kampuni ni ndogo?

Kila aina ya biashara ina namba ya NAICS, na kila namba ina kikomo chake cha ukubwa. Baadhi hupimwa kwa wafanyakazi, nyingine kwa wastani wa mapato ya miaka mitano. Usafi wa majengo, 561720, kikomo ni dola milioni 22 kwa mwaka. Walinzi, 561612, ni milioni 29. Ujenzi wa majengo ya kibiashara, 236220, ni milioni 45. Mwenye malori matatu hana haja ya kupoteza usingizi juu ya hili.

Asubuhi moja itatosha kuzipitia namba zako, isipokuwa kama wewe au mwenzako mna kampuni nyingine. Hapo SBA inaweza kuyajumlisha mapato ya kampuni hizo. Kampuni pia iwe ya kutafuta faida, na isiwe na deni kubwa la serikali lililopita muda bila kulipwa. Kama kuna deni la zamani la kodi kwa IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, weka mpango wa malipo kwanza.

Hatua ya tatu: makaratasi ya kampuni

Hapa ndipo pa kutumia muda. Fanya hatua hii kabla hujagusa tovuti yoyote.

Kanuni ni mbili. Mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu, au kadhaa wao kwa pamoja, wamiliki angalau asilimia 51, moja kwa moja na bila masharti. Na wao ndio waongoze, kwa maamuzi ya kila siku na ya muda mrefu pia. Kanuni zenyewe ziko kwenye sehemu ya 128 ya juzuu la 13 la kanuni za shirikisho. Zinasomeka, wala si kazi ya wanasheria peke yao.

Tuchukue mfano. Umefungua LLC, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, ya usafi na shemeji yako. Wewe una asilimia 51, yeye ana 49, na fedha za kununulia mashine zilitoka kwake. Mlipakua mkataba wa uendeshaji mtandaoni, mkajaza majina, mkatia sahihi. Kwenye ukurasa wa sita kuna sentensi hii: maamuzi yote ya kampuni yatahitaji kura za theluthi mbili za wanachama. Hesabu mwenyewe. Theluthi mbili ni zaidi ya asilimia 66, nawe una 51. Huwezi kuajiri, kufungua akaunti wala kusaini zabuni bila shemeji kukubali. Kwa macho ya SBA, kampuni hiyo huiongozi, na maombi yatakataliwa hata kama shemeji hajawahi kukupinga na wala hana mpango huo.

Dawa ni kuandika upya. Mkataba useme kwamba wewe ndiye mwanachama msimamizi, kwamba maamuzi yote hupita kwa kura yako, na kwamba kikao kinakamilika ukiwepo wewe peke yako. Kanuni zinamruhusu mwenye hisa chache kuwa na sauti ya kuzuia kwenye mambo machache mazito tu: kuongeza mwenye hisa mpya, kuivunja kampuni, kuiuza, kuiunganisha na nyingine, au kutangaza imefilisika. Hayo mwachie shemeji kama mkopo wake unamtia wasiwasi. Usimpe zaidi ya hapo.

Kagua pia mambo haya, moja baada ya jingine, ukiwa na mkataba mezani na kalamu mkononi:

- Cheo cha juu kabisa, awe rais au mkurugenzi mtendaji, ni chako, na kimeandikwa hivyo kwenye kila karatasi, hata zile za jimbo.
- Hakuna mahali panaposema hisa zako zitarudi kwa mtu fulani ikitokea jambo fulani. Mwenzako kupewa nafasi ya kwanza ya kununua unapouza kunakubalika, kama ni kwa utaratibu wa kawaida wa biashara.
- Kama kuna aina zaidi ya moja ya hisa au uanachama, asilimia 51 ni ya kila aina. Jumla peke yake haitoshi.
- Faida inagawanywa kulingana na umiliki. Mwenye 51 anayepokea 20 ataulizwa.

Mshahara nao unaangaliwa. Kama mtu mwingine kwenye kampuni analipwa kukushinda, uwe na maelezo ya maandishi kwa nini hilo lina faida kwa kampuni. Na kama una ajira nyingine ya mchana kwingine, au unaishi mbali na ofisi kiasi kwamba huwezi kwenda na kurudi kila siku, SBA huanza na dhana kwamba si wewe unayeidhibiti kampuni. Ni juu yako kuonyesha kuwa ni wewe. Si lazima uache kazi hiyo kesho, lakini andaa jibu la kweli.

Leseni ni mtego mwingine. Si lazima wewe mwenyewe uwe fundi umeme ili uongoze kampuni ya umeme. Unatakiwa uwe na uzoefu wa kusimamia kazi ya ukubwa huo. Ila kama leseni muhimu iko kwa mwenzako mwenye hisa, naye anaweza kuondoka nayo, swali litaulizwa nani hasa anaishikilia kampuni.

Kuna pia hali ambayo mwanajeshi wa zamani ana ulemavu wa kudumu na wa jumla. Mwenzi wake au mlezi wake wa kudumu anaweza kuiongoza kampuni kwa niaba yake. Andaeni barua ya daktari au ya VA inayosema hivyo waziwazi.

Na sasa neno kwa yule anayefuatwa na mtu mwenye kampuni kubwa: weka jina lako kwenye asilimia 51, sisi tutafanya kazi, wewe utapokea kidogo kila mwezi. Mwambie hapana, hata kama ni mtu wa kwenu. Kudanganya ili kupata kandarasi zilizotengwa kwa biashara ndogo kunaweza kuleta faini hadi dola 500,000 na kifungo hadi miaka 10. Na sahihi inayoonekana kwenye maombi ni yako.

Hatua ya nne: SAM.gov

Bila usajili hai wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wakandarasi, maombi ya cheti hayaendi popote. Usajili ni bure na huhuishwa kila mwaka. Utaingia kupitia akaunti ya Login.gov, utapewa UEI, namba ya utambulisho wa kampuni yenye herufi na tarakimu 12, na baadaye CAGE, msimbo mwingine wa kuitambulisha. Namba ya zamani ya DUNS, iliyofanya kazi ya UEI, ilistaafu Aprili 2022.

Watu hukwama hapa kwa mambo madogo ya kukera. Jina la kampuni kwenye cheti cha usajili wa jimbo, kwenye barua ya IRS ya EIN, yaani namba ya kodi ya kampuni, na kwenye SAM lilingane herufi kwa herufi, mkato na nukta vikiwemo. Kama jimbo limeandika mkato kabla ya LLC na IRS haikuandika, mfumo unaweza kukurudisha. Anwani nayo ni hivyo hivyo. Ulihama ghorofa la pili kwenda la tatu? Rekebisha jimboni kwanza, kisha uje SAM.

Ukimaliza tu, simu zitaanza. Kwa kuwa taarifa za SAM ziko wazi kwa umma, watu watakupigia wakijifanya wa serikali, wakidai usajili wako haujakamilika na kwamba dola mia kadhaa zitalimaliza tatizo. Serikali haikutozi chochote kwa SAM wala kwa VetCert. Barua pepe isiyoishia na .gov au .mil si ya serikali. Futa.

Kama Kiingereza cha fomu kinakuchosha, tafuta kituo cha APEX Accelerators kilicho karibu nawe. Ni mpango unaosimamiwa na Wizara ya Ulinzi, zamani ukiitwa PTAC, na wanasaidia bure. Vituo vya VBOC vya SBA navyo ni vya wanajeshi wa zamani hasa. Ukienda, nenda na mkataba wa uendeshaji, usiende na maswali ya jumla.

Hatua ya tano: maombi yenyewe

Maombi hufanyika kwenye MySBA Certifications, anwani certifications.sba.gov. Tumia anwani ya barua pepe uliyoisajili SAM, vinginevyo kuunganisha kampuni kutakupa taabu. Mfumo huvuta taarifa za kampuni kutoka SAM na huwasiliana na VA kuthibitisha hali yako ya utumishi na ulemavu. Kama jina kwenye DD 214 si lile unalotumia sasa, tuseme uliolewa au ulibadilisha jina ulipopata uraia, weka hati ya mabadiliko mapema.

Utapakia hati za usajili wa jimbo, mkataba wa uendeshaji pamoja na marekebisho yake yote, au katiba ya kampuni na daftari la hisa kama ni korporesheni, wasifu wako, leseni, na mikataba yoyote ya mkopo kati ya kampuni na wanahisa. Mkopo wa shemeji umo humo. Usiufiche: uandike vizuri, wenye riba na ratiba kama mkopo wowote wa biashara, na usimpe haki ya kutwaa hisa zako akichoka kusubiri.

Mchambuzi akikuandikia kuuliza, soma swali mara mbili kisha ujibu lile tu alilouliza, ndani ya siku alizokupa. Barua hizo mara nyingine hutua kwenye taka za barua pepe, basi fungua mfumo wenyewe mara kwa mara. Akiona kifungu kisichofaa, mwandikie kwamba unarekebisha, rekebisha, tia sahihi na tarehe mpya, pakia. Kubishana naye kuhusu nia yako hakusaidii, kwa maana anasoma karatasi.

Ukikataliwa, una njia mbili. Kama unaamini SBA ilikosea kusoma kanuni, kata rufaa kwa OHA, ofisi ya SBA inayosikiliza mashauri, ndani ya siku 10 za kazi tangu upokee uamuzi. Kama kosa ni la makaratasi yako, achana na rufaa. Yarekebishe na uombe tena baada ya siku 90. Wengi wako kwenye kundi la pili, ingawa hasira huwapeleka kwenye la kwanza.

Hatua ya sita: cheti kimetoka, sasa nini?

Hakuna atakayekupigia simu. Kwenye SAM.gov, sehemu ya fursa za kandarasi, chuja kwa NAICS yako na kwa aina ya utengaji ya SDVOSB. Lakini zabuni iliyokwisha tangazwa ni ya kukimbizana. Angalia zaidi matangazo yaitwayo Sources Sought. Hapo ofisa wa manunuzi anauliza sokoni ni nani anaweza kuifanya kazi fulani, kabla hajaamua kuitenga au la. Akipata majibu ya kampuni mbili za SDVOSB zenye uwezo, ana sababu ya kuitenga. Asipopata, anaifungua kwa wote. Kurasa mbili unazotuma kujibu tangazo hilo zinaweza kubadilisha zabuni nzima, nazo hazidai bei wala dhamana.

Andaa ukurasa mmoja wa kuijulisha kampuni: unafanya nini, kazi ulizofanya na thamani yake, UEI, CAGE, NAICS, cheti. Jaza pia wasifu wako kwenye hifadhidata ya SBA ambayo maofisa huitumia kutafuta kampuni ndogo. Mwenye historia fupi aanze kama mkandarasi mdogo chini ya mkandarasi mkuu, ajenge kumbukumbu za kazi.

Ukishinda, kuna kikomo cha kiasi unachoweza kuwapa wengine. Kwa huduma, huruhusiwi kulipa zaidi ya asilimia 50 ya fedha unazolipwa na serikali kwa kampuni zisizo na cheti kama chako. Kandarasi ya usafi ya dola 200,000 ina maana kwamba 100,000 ndicho kikomo cha kutoka nje. Kwa ujenzi wa jumla ni asilimia 85, na kwa kazi maalumu za ujenzi kama umeme na bomba ni 75. Piga hesabu hii kabla ya kuandika bei.

Mshindani aliyeshindwa anaweza kupinga hadhi yako, na kwa kawaida ana siku 5 za kazi tangu ajulishwe mshindi. Shauri huenda OHA, na wewe utatakiwa kujibu kwa hati zilezile. Ziweke kwenye faili moja, za karibuni zikiwa juu.

Kikibadilika kitu kinachogusa umiliki au uongozi, iarifu SBA ndani ya siku 30. Cheti hudumu miaka mitatu, na dirisha la kukihuisha hufunguka siku 120 kabla ya kuisha. Siku hiyohiyo kinapotoka, ingiza tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu, pamoja na ile ya SAM ya kila mwaka, maana SAM ikilala, hata ofisa aliye tayari kukupa kandarasi hawezi kukupa.